Mliaji wa Safu ya Pili

"Mimi sisemi hakujenga barabara," mwalimu alisema, kichwa chake nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima kama kimetishwa. "Nasema filamu imemwosha. Imemsugua mpaka kang'aa. Sasa yule waliyetuonyesha ni rais au malaika?"

"Ulitaka wamwonyesheje, na pembe?" muuza vitambaa alimjibu kutoka chini ya mashine ya kukaushia nywele. Alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya mvumo wa mashine, akidhani wote hawasikii. "Nimeitazama mara mbili. Ya pili nililia kuliko ya kwanza. Kiongozi kama yule hatumpati tena."

"Tusimpate, ndiyo."

"Tuliza kichwa, mwalimu," msusi alisema, akamvuta zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tangu filamu ya maisha ya marehemu rais ianze kuonyeshwa mjini, hakuna kichwa kilichoingia saluni bila maoni. Waliokuja kuosha nywele walikuwa na maoni. Waliokuja kuazima kitana walikuwa na maoni. Wale ambao hawakuitazama kabisa ndio waliokuwa na maoni marefu zaidi. Na maoni yote, yaanzie kokote, yaliishia mahali pamoja.

"Si umuulize mwenyewe hapa," muuza vitambaa akasema. "Yeye alimlilia. Tena si kilio cha mchezo. Makamasi yalionekana."

"Ilikuwa filamu," msusi alisema.

"Machozi yalikuwa ya kwako."

Alichoka kueleza. Alikuwa amekodiwa kusuka nywele za waigizaji, basi. Siku ya kupiga picha ya mazishi, waombolezaji wengine hawakutokea, na mwongozaji akamnyooshea kidole: wewe mama, ingia safu ya pili. Jeneza lilikuwa tupu. Mwigizaji aliyemcheza marehemu alikuwa amekaa nyuma ya lori, anakula ndizi mbivu na kuuliza wataondoka saa ngapi. Hayo yote aliyasimulia, watu wakacheka, kisha wakasema: lakini ulilia. Waliompenda marehemu walimkumbatia mlangoni kama mfiwa. Waliomchukia walihamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Wa huku na wa kule hawakukubaliana hata kwa neno moja, isipokuwa hilo, kwamba alimlilia marehemu, na hilo ndilo walilokosea.

Wifi yake aliingia bila hodi wala salamu. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Sikuja kukaa," alisema, akakaa. "Jumapili ukoo mzima uko kwangu. Utakuja, utasimama, utaomba radhi."

"Radhi ya nini, wifi?"

"Usijifanye hamnazo. Yule mtu alikifunga kiwanda kwa hotuba moja. Ndugu yangu alikuwa fundi mitambo, anaheshimika, akageuzwa mlinzi wa kochi. Halafu wewe, mke wake, unakwenda kumlilia mbele ya nchi nzima. Yeye ndiyo hivyo tena, hasemi. Ila anahamia kwangu leo. Mpaka uombe radhi. Na usipoomba, asirudi."

Hata mwalimu, mwenye maoni juu ya kila kitu, alitazama magoti yake.

"Anahamia leo?"

"Nimemwacha anafunga begi."

Msusi aliweka kitana chini, akajifuta mikono kwenye aproni, mafuta yakabaki vilevile.

"Nisubiri," alimwambia mwalimu.

"Nikusubiri na kichwa hiki?"

"Funga kitambaa. Huyo hapo anauza."

Alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, begi miguuni, anakunja mashati. Alikuwa anayakunja vizuri, mkono juu ya mkono, kola imenyooka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Miaka yote ya ndoa hajawahi kukunja hata taulo.

"Dada yako kanipa masharti," alisema.

"Nayajua."

"Na umeyakubali."

"Sina cha kukubali wala kukataa. Ulilofanya umefanya."

"Filamu umeiona?"

"Nimesimuliwa."

"Na nani?"

"Niulize nani hajanisimulia. Kinyozi kanisimulia. Fundi viatu kanisimulia. Wanasema umemlilia yule kuliko mjane wake."

"Mjane wake alipewa kitunguu."

Hakucheka. Alichukua shati jingine. Msusi alisimama pale mlangoni akaona hana tena njia ya kuzunguka. Jambo lile alikuwa amelitunza kama dawa ya mwisho kabatini, ile isiyoguswa mpaka mgonjwa azidiwe. Akalitoa.

"Tuliambiwa tulie, tukashindwa. Mwongozaji akasema kila mtu awaze jambo lake la kweli. Mimi nikawaza zile asubuhi. Kiwanda kimefungwa, na wewe unaamka giza, unavaa ovaroli, unafunga vifungo vyote, unakaa sebuleni. Ikifika saa ya kutoka kazini unainuka, unaivua. Kesho tena. Na mimi napita na ndoo, najifanya sioni. Hayo ndiyo niliyolilia. Sikumlilia yeye. Nilikulilia wewe."

Mumewe aliacha kukunja. Aliliweka lile shati mapajani, na msusi akaanza kupumua.

"Kwa hiyo ulinilaza kwenye jeneza lake," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Nchi nzima inalipa kutazama mazishi, na maiti ni mimi."

"We baba, sikiliza..."

"Nimesikia. Bora ungemlilia yeye."

Msusi alitamani kumpiga na begi. Ukinyamaza unaambiwa msaliti. Ukisema kweli, mgonjwa anazidiwa. Wiki nzima amekuwa akisukuma ukuta kwa bega, na sasa ukuta umemgeukia na kununa.

"Vaa viatu," alisema.

"Nitavaa. Nakwenda kwa dada."

"Utakwenda. Kwanza tunakwenda kuitazama. Huwezi kuniacha kwa kitu ulichosimuliwa na kinyozi."

"Wewe umeiona?"

"Sijaiona. Nimesimuliwa na vichwa vya watu."

"Siwezi kukaa kitako namtazama mtu yule akihutubia."

"Hotuba zimepita saa hizi. Tutaingia mwishoni, tutazame mazishi peke yake. Hata wewe huwezi kukataa kumwona akizikwa."

Kitu kilipita usoni pa mumewe, kikajificha haraka. Akainama kutafuta viatu.

Mlangoni pa sinema, mkata tiketi aliwaonea huruma. "Imebaki robo saa tu, wazazi wangu. Rudini ya jioni muione yote."

"Tumekuja mazishini," msusi alimwambia. "Tupishe."

Ndani walipapasa mpaka wakapata viti vya pembeni. Msafara wa magari meusi ulikuwa unapita polepole kwenye pazia la sinema, na muziki mzito, na mvua ambayo msusi alijua imetoka kwenye mpira wa zimamoto. Mbele yao mwanamke alikuwa akivuta pua. Nyuma mtu alisema kwa sauti, "Porojo," na mwingine akamjibu, "Ungebaki kwako." Kisha bendi ikanyamaza, kamera ikaanza kupita kwenye nyuso za waombolezaji, mmoja mmoja, ikafika safu ya pili, ikasimama.

Msusi hakuwa amejiandaa. Uso wake ulikuwa mkubwa kama ukuta wa nyumba. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, ukitetemeka, na macho hayakuwa yanatazama jeneza hata kidogo. Yalitazama kando, chini, kama ya mtu anayepita sebuleni na ndoo. Muuza vitambaa alisema kweli kuhusu makamasi. Kisha uso ukapita, bendera ikashushwa, ikaisha.

Majina yalikuwa bado yanapanda kwenye pazia mumewe alipouliza, "Ulikuwa unalia hivyo?"

"Ndiyo."

"Wapi? Sikuwahi kukusikia."

"Jikoni. Nilikuwa nafungulia bomba."

Taa ziliwaka. Watu walisimama wakijinyoosha, na maoni yakaanza kabla hata hawajafika kwenye njia: kijana aliyemcheza alimwiga mpaka kikohozi, hapana, alizidisha, daraja lilionyeshwa vizuri, hata nyumba ya mama yake waliipata ileile. Mumewe aliwasikiliza, kichwa akikigeuza huku na huku, kama zamani alipokuwa anasikiliza mashine kujua ni wapi inagonga. Mwishowe alimgusa bega bwana mmoja mwenye miwani.

"Samahani, ndugu. Sisi tumechelewa kuingia. Habari ya kiwanda iko sehemu gani?"

Yule bwana alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu mwema.

"Kiwanda gani?" aliuliza.

Mumewe alimshukuru. Watu walipita, viti vikijikunja kimoja baada ya kingine, naye amesimama tu akiushika mgongo wa kiti cha mbele. Msusi alimvuta mkono, akihofia kwamba hapa ndipo atakaporudi tena kwenye ukimya aliokaa nao miaka.

"Twende," alisema. "Nikusindikize kwa dada yako, basi. Begi tutalipitia."

"Subiri."

Ukumbini, karibu na mlango wa kutokea, msichana wa redio alikuwa ameshika kinasa sauti na watu wamepanga foleni kutoa maoni yao juu ya filamu. Kila mmoja alisema yake mawili, akacheka, akaenda. Mumewe alikwenda moja kwa moja mwisho wa foleni, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Unafanya nini?" msusi alinong'ona.

"Wewe kamalizie kichwa cha mtu."

Hakuondoka. Foleni ilisogea. Muuguzi akasema ni filamu bora kuliko zote. Kijana wa chuo akasema ni kampeni ya watu wake waliobaki madarakani. Zamu ikafika.

"Karibu, baba. Filamu umeionaje?"

"Sijaiona. Nimeona mazishi."

Msichana alisita. "Basi maoni yako ni yapi?"

"Mimi ni fundi mitambo," alisema, na msusi akasikia sauti ambayo hakuisikia nyumbani kwa muda mrefu sana. "Nataka kusema habari ya kiwanda."

"Kwa kifupi tu, baba, wengine wanangoja."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akakitoa kinasa sauti mkononi mwa msichana, kwa upole, akakisogeza karibu na mdomo na kuanza na king'ora cha zamu ya asubuhi: kililia wapi, nani alikuwa wa kwanza getini, mashine ipi iliwashwa kabla ya zote na kwa nini. Hakuwa na haraka yoyote.

Nyuma foleni ilianza kusonya. Mtu akauliza kama huyu mzee anatoa maoni au anahadithia. Msusi alisogea, akasimama katikati ya mumewe na foleni, akakunja mikono yake iliyojaa mafuta ya nywele, akawatazama.