Taulo Juu ya Jina

Madaraja ya njia ya boti kandokando ya pwani ya Marekani hufunguliwa kwa kuombwa redioni, na mlinzi humwita mtu kwa jina la boti yake. Basi tangu jimbo la Virginia, Verna alikuwa akiitwa Loretta, jina la boti yao na la mke wa kwanza wa mumewe Royce.

"Libadilishe!"

"Kubadili jina la boti ni nuksi, mpenzi."

"Nuksi ni mimi kuitwa huyo mwanamke kutwa nzima!"

Walipoingia Karolina, Verna alilifunika jina lile kwa taulo, roho ikamtulia.

"Wewe boti yenye taulo, unaitwaje?" mlinzi wa daraja aliuliza.

Verna akanyoosha mkono, lakini Royce akamwahi kuishika redio.

"Loretta," akajibu, kwa sauti laini ambayo hajawahi kumwitia Verna.