Picha Iliyokwenda Likizo

Ijumaa ya kwanza ya Desemba mwaka 2014, saa saba na nusu mchana, Kawira alikuwa na dakika thelathini za chakula lakini hakuwa na chakula. Asubuhi alikuwa amebeba mfuko wa Milka, anayelala naye chumba kimoja, akauacha wake kitandani, na ndani ya mfuko wa Milka kulikuwa na chaja na soksi tatu. Basi akavuka barabara kwenda kwa Cyrus, kwa kuwa njaa ya watu wawili wakipiga soga huwa nyepesi kuliko ya mtu mmoja.

Kawira alikuwa askari wa geti la magari la jengo moja la nyumba za kupanga pale The Pearl, nchini Qatar. Kazi yake ilikuwa kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili, kutazama stika kwenye kioo cha gari na kubonyeza kidude ili kizuizi kinyanyuke. Aliifanya vizuri. Mama mmoja wa ghorofa ya tisa alikuwa akimwita Maria. Wengine hawakumwita chochote.

Cyrus, kijana wa Nyahururu, alipiga picha kwenye kibanda kilichokuwa ng'ambo, kando ya njia wanayopita watalii. Nyuma alikuwa ametundika pazia lililochorwa Ukuta Mkuu wa China ukiwa umejaa theluji, na pembeni yake majoho ya Kichina ya kila kimo. Kibao kilisema: Safiri bila kusafiri. Mtalii anavaa joho, anashika upepeo, anapigwa picha, anaondoka nayo ndani ya fremu. Watu walitoka Ulaya, wakaja Qatar, wakapigwa picha wakiwa China, na Cyrus hakuwahi kuwauliza maswali.

"Kawi, leo nakupeleka Beijing," Cyrus alisema. "Saa hii hakuna mteja. Wameswali, wamekula, wamelala."

"Na hii yunifomu?"

"Hilo joho linafunika hata dhambi."

Lilikuwa joho jekundu la hariri lenye mikono mipana na joka la dhahabu kifuani, nalo lilifunika kila kitu isipokuwa buti za kampuni. Cyrus akamvisha taji lenye shanga zinazoning'inia, akampanga vidole kwenye upepeo, akamwambia atazame mbali kama mwanamke ambaye mume wake amekwenda vitani.

"Sina mume."

"Basi kama mtu ambaye likizo yake haijatoka."

Kawira akatazama mbali vizuri sana. Hawakuhitaji kurudia.

Likizo yake kweli ilikuwa haijatoka. Mkataba ulisema likizo ni kila baada ya miaka miwili, na huu ulikuwa wa tatu ukielekea kuisha. Ili mtu atoke nchini alihitaji pasipoti, ambayo ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya kampuni, na karatasi ya kutoka, ambayo ilitakiwa itiwe sahihi na mudiri, yaani mkubwa wao. Kila Kawira alipokwenda kuulizia karatasi ya kutoka, aliambiwa mudiri ametoka.

Na safari hii hakuwa anataka likizo ya kulala tu. Jumamosi ya wiki iliyofuata mdogo wake Loice alikuwa anaolewa nyumbani, Nkubu. Kwao, asubuhi ya arusi, wanawake wa upande wa bibi arusi hufunga geti. Watu wa bwana arusi hufika wakiimba, wakabembeleza, wakaulizwa maswali ya kuwatoa jasho, na geti halifunguliwi mpaka wenye geti waridhike. Tangu Loice akiwa darasa la sita, Kawira alikuwa amemwahidi kwamba geti lake atalishika yeye. Baadaye alipata kazi ya kushika mageti ya watu asiowajua, na ahadi ikazidi kumchoma.

Kesho yake, Jumamosi, alituma ile picha nyumbani kwa WhatsApp, kupitia simu ya Loice. Baada ya saa moja mama yake akapiga.

"Kawira, huko China kuna baridi?"

"Sijui, mama."

"Umesimama kwenye barafu na hujui?"

"Mama, hiyo ni picha tu."

"Kwani nimesema ni ng'ombe? Naona ni picha. Ruhusa ya kwenda China kutembea umepewa. Ya kuja kushika geti la mdogo wako ndiyo imekosekana."

Kawira akaeleza habari ya pazia. Alieleza mara mbili. Mama hakukata simu. Aliiweka mezani akaenda kulisha kuku, na Kawira akawasikiliza kuku kwa dakika nne.

Halafu akapanda kitandani, kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Al Wukair, akaitundika fremu juu ya mto wake. "Umesikia alivyosema?" akaiuliza. Kawira wa kwenye picha alikuwa bado anatazama mbali.

Jumatano asubuhi Milka alitoka kuoga na taulo kichwani, akasimama katikati ya chumba.

"Wewe Kawira, umeondoka."

"Saa ngapi?"

"Naingia kuoga ulikuwepo. Natoka, hupo."

Kawira akainua shingo. Kwenye fremu ulikuwepo ukuta, ilikuwepo theluji, na kwenye theluji nyayo za buti namba thelathini na tisa zikielekea kulia. Upepeo pia haukuwepo.

"Angalau amebeba kitu mkononi," alisema Milka. "Mtu hawezi kwenda arusi mikono mitupu." Kisha akamdai soksi zake.

Kawira wa picha alitembea kutoka Al Wukair. Karibu na Al Thumama dereva mmoja wa teksi, mtu wa Kapsabet, alisimama akampa lifti, na baadaye alisema abiria mwenyewe hakuwa na shida, ila ilibidi kufunga vioo kwa sababu upepo ulikuwa unamkunja. Uwanja wa ndege afisa wa uhamiaji alimtazama, akatazama kompyuta, akamtazama tena. Kulikuwa na sheria ya wafanyakazi kuhusu karatasi ya kutoka. Ya picha haikuwepo. Afisa akamtakia safari njema. Ndani ya ndege hakuchukua kiti cha mtu. Alikaa kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, kati ya maelezo ya usalama na karatasi ya kutapikia, na waliokaa hapo walisema hakuwasumbua.

Jumamosi ya arusi Kawira alikuwa zamu ya mchana, lakini alifika getini saa moja asubuhi akasimama na mwenzake wa asubuhi, simu mkononi, kwa sababu Loice alikuwa amemwahidi video. Zilikuja vipande vipande.

Ya kwanza ilionyesha geti la kwao la mabati, limefungwa kwa mnyororo, na mbele yake Kawira wa picha amesimama na joho lake, taji na buti. Mashangazi wawili walikuwa wamemshika mikono ya joho, mmoja huku mwingine huku, maana kulikuwa na upepo na yeye ukimtazama kwa ubavu alikuwa haonekani. Mama alikuwa nyuma yao amevaa kitambaa kipya. Watu wa bwana arusi walifika wakiimba, wamebeba leso, blanketi na makreti ya soda. Walipomaliza wimbo wa tatu, yule kwenye geti akafungua upepeo.

"Hatoki mtu hapa bila karatasi ya kutoka," akasema.

Ilikuwa sauti ya Kawira ya kazini. Hata yule mwenzake wa zamu ya asubuhi aligeuka.

Watu wa bwana arusi waliangaliana. Walikuwa wamejiandaa kwa kila swali. Jina la bibi arusi la ubatizo walikuwa nalo, na mwendo wa kucheza pia. Karatasi hawakuwa nayo.

"Karatasi gani tena, dada?" aliuliza msimamizi wa bwana arusi.

"Ya kusema anaruhusiwa kutoka. Iwe na sahihi. Na sahihi iwe ya mtu aliyepo."

Video ya pili ilionyesha jinsi walivyochana ukurasa kwenye daftari la hesabu la mtoto wa jirani. Baba wa bwana arusi, mwalimu mstaafu, akauandika kwa mwandiko wa ubaoni: Loice anaruhusiwa kutoka kwao, na kurudi kwao atakapo. Akatia sahihi. Katibu wa kanisa akapatikana na mhuri mfukoni, kama kawaida ya makatibu. Kazi nzima ilichukua dakika kumi na moja, na sita kati ya hizo zilikuwa za kutafuta kalamu.

Kawira wa picha akaisoma karatasi mbele, akaisoma nyuma, akafungua mnyororo. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Pale The Pearl gari moja jeupe lilikuwa limesimama, likapiga honi. Kawira akabonyeza kidude, kizuizi kikanyanyuka, likatoka. Haikuwa zamu yake hata.

Saa kumi alasiri Cyrus alimwita kutoka ng'ambo kwa mkono. Alikuwa ameshika lile joho jekundu.

"Kawi, umemwaga mchuzi kwenye joho."

"Mimi? Limetundikwa hapo wiki nzima."

"Limetundikwa, ndiyo. Nimegeuka kumpa Mjerumani upepeo, narudi, mkono wote umelowa."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa mbuzi," Cyrus alisema. "Na uliosahauliwa chumvi."

Kawira akaushika mkono wa joho akaunusa, akauonja kidogo. Ulikuwa mchuzi wa sufuria kubwa, wa moshi wa kuni, na chumvi kweli ilikuwa ndogo, kwa hiyo aliyepika ni shangazi yao wa Chuka. Alinusa mpaka dakika zake za chakula zikaisha. Cyrus hakumharakisha. Alimwambia Mjerumani achukue la buluu.

Jumapili ofisi ya kampuni ilimwita. Aliyeshughulikia likizo alikuwa Augustine, Mganda mpole, mwenye suruali iliyonyooshwa, asiyeinua sauti hata kwa mashine ya chapa.

"Madam Kawira, karibu kutoka nyumbani," alisema. "Arusi ilikuwa nzuri. Poleni na upepo."

"Mimi sikwenda."

Augustine akageuza kompyuta. Ilikuwa Facebook ya Loice. Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamependa.

"Huyu getini ni nani?"

Kawira akatazama. "Ni mimi."

"Asante," alisema Augustine, akaandika. "Wengine hukataa, tukaanza kuzozana bure. Basi likizo ya mkataba huu umeshaitumia. Nyingine ni baada ya miaka miwili."

"Bwana Augustine, pasipoti yangu iko wapi?"

"Iko salama." Akavuta droo ili amtoe wasiwasi. Pasipoti zilikuwa nyingi, zimefungwa kumi kumi kwa mipira, na ya Kawira ilikuwa juu kwenye fungu la tatu. Mpira ulikuwa umeanza kuacha alama kwenye jalada.

"Kama iko hapo, nimesafiri na nini?"

Augustine hakuwa mtu wa kudharau swali. Aliweka kalamu chini akalifikiria, akitazama dari, kwa muda ambao mtu mwaminifu huhitaji.

"Hilo ni swali la uhamiaji," alisema mwishowe. "Mimi niko upande wa likizo."

"Na mudiri yuko?"

"Ametoka."

Akamsogezea fomu ya kurudi kazini. Alikuwa ameshajaza yote kwa upole, hata mahali pa maoni: amerudi kwa wakati, nidhamu nzuri. Palibaki sahihi ya anayerudi. Alimweleza kwamba asiposaini atahesabiwa kuwa bado yuko Kenya, na mtu aliye Kenya hawezi kuwa zamu The Pearl saa nane, na geti haliwezi kukaa bila mtu. Kawira alijaribu kutafuta kosa katika maneno hayo lakini hakulipata. Akasaini. Augustine akapiga mhuri, akafunga droo kwa ufunguo, akamtakia zamu njema.

Saa tisa na robo alikuwa getini wakati Milka alipopiga simu kutoka Al Wukair.

"Wewe Kawira, umerudi."

"Sasa hivi?"

"Nimesikia kitu kama karatasi inakunjwa, natazama juu, uko. Mikono ya joho umeikunja mpaka kwenye viwiko, na mikononi una povu la sabuni. Upepeo umeusahau huko."

"Natazama wapi?"

Simuni kitanda kikalia; pengine Milka alikuwa amepanda juu yake. "Si mbali kama zamani," alisema. "Unatazama mlango."

Simu ya pili ilikuwa ya mama. Nyuma yake kulikuwa na kuku, na mtu aliyekuwa akikusanya viti.

"Kawira, ndiyo tabia gani hii? Tunaosha vyombo, nageukia kabati, nageuka tena, hakuna mtu. Umeondoka bila kuaga. Hata chai hukumaliza."

"Nimesainishwa, mama."

"Na nani?"

"Mtu mmoja mpole."

Mama akasema basi, haidhuru, geti alilishika na Loice alilia vizuri, na kile kikombe cha chai amekifunika kwa sahani asiingie nzi, atakimalizia akija.

Kawira akamwambia aweke sahani mbili, maana ni miaka miwili.

"Basi nitaweka mbili," alisema mama, na Kawira akaisikia ya pili ikiwekwa.

Gari jeupe likafika, likapiga honi mara moja. Stika ilikuwepo. Kawira akabonyeza kidude, kizuizi kikanyanyuka, likatoka.