Matambara Ndani ya Viatu vya Mama

Nilipomkabidhi msimamizi wa makumbusho viatu vya mbio vya mama, nilimwambia neno moja tu: "Kilicho ndani usikiguse." Akaitikia, mkono kifuani. Kumbe sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya ufunguzi nilikuja na mama, amevaa gauni lake la kwendea harusini. Ndani ya kabati la kioo viatu vya misumari viling'aa kama sufuria mpya. Kibao kilisema: "Viatu vya mkimbiaji wa kiume." Nikachungulia. Vitupu.

"Matambara yako wapi?" nikamuuliza msimamizi.

"Yale machafu? Tuliyatupa, dada. Yangeleta panya."

Machafu! Matambara yale yalikuwa sketi ya mama ya shule. Enzi zake hakuna aliyemshonea msichana viatu vya misumari. Alirithi vilivyombana kaka yake, navyo kwake vikapwaya. Akairarua sketi, akashindilia mbele mpaka vidole vikapata pa kuegemea, na siku ya mashindano akawaacha wenzake mbali. Nyumbani bibi alimchapa kwa ajili ya sketi. Habari za ushindi hakuuliza.

"Na hilo neno 'kiume' kwenye kibao limetoka wapi?"

"Saizi kubwa, dada. Halafu wakati ule viatu vya mbio vya wanawake havikutengenezwa. Vitakuwaje vya mwanamke?"

"Si ndiyo historia yenyewe hiyo, wewe! Umeitupa jalalani, ukakipaka kiwi kilichobaki!"

Wageni wakageuka. Mama akanishika mkono.

"Fungua kabati, baba," akamwambia msimamizi.

Akafungua. Mama akakaa kwenye kiti cha mlinzi, akavaa, akasimama. Hatua ya kwanza tu, kiatu kikabaki nyuma.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Bado. Vua soksi."

Msimamizi akacheka, akidhani anataniwa. Mama alimkazia macho mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Msimamizi akainama, akavua. Mama akashindilia soksi moja huku, moja kule, akavaa tena, akatembea hadi mlangoni na kurudi, misumari ikichimba ile sakafu yao ya mbao. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Viatu vilirudi kabatini na soksi ndani. Kibao nilikiandika upya mwenyewe, kwa jina la mama. Msimamizi akasoma hotuba yake vifundo vya miguu vikiwa wazi, watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Sketi ilishakwenda na taka.