Bahari Inayomwagika

Kila picha aliyoiacha marehemu ilikuwa imeinama upande: boti, ndege, hata bahari yenyewe. Enzi za uhai wake mkewe alimtania, "Bwana wee, bahari yako inamwagika, lete ndoo!" Sasa swali moja lilimkaa rohoni: au ugonjwa uliomuua ulikuwa umeshaanza kumvuta mkono, naye akamficha mkewe?

Asubuhi moja mjane alibeba kamera ya mumewe hadi ufukweni. Fundi boti alimwonyesha benchi alilopenda kukalia mumewe. Akakaa, akamlenga yangeyange aliyetua kwenye boti, akabonyeza. Alipotazama picha, bahari inamwagika! Akarudia, vilevile. Akainama kuchungulia chini ya benchi. Mguu mmoja ulikuwa umezama mchangani.

"Shemeji, tulimwambia mara ngapi tuunyanyue huo mguu," fundi alisema. "Akakataa katakata. Eti mkewe atakosa cha kumcheka."

Mjane alicheka mpaka ndege akaruka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Basi niuchimbue leo?"

"Thubutu! Hebu sogea huko, shemeji, unanizibia boti."