Soketi ya Baba Mkwe

Jumamosi asubuhi, Jenipher, mtoto wa miaka sita, aligusa birika la umeme bila ndala miguuni, likamrusha hadi kwenye ndoo za maji. Alipona, akapewa chai. Baba yake, Elieza, akasema, "Si tulikwambia uvae ndala?"

Hapo ndipo mama yake, Devota, alipochemka. Mwaka mzima wanavaa ndala ili wachemshe maji katika nyumba yao wenyewe, hapa mtaani Maisaka! Na fundi haitwi, kwa sababu nyaya zote alizitandaza mzee Teodori, baba yake Elieza, kwa mikono yake, zawadi ya kuhamia. Kumwita fundi ni kuutangazia mji kwamba mzee hajui. Heshima gani hiyo ya kuua watoto?

Akaazima testa dukani, ile ya kupimia umeme. Tundu la juu la soketi, la waya wa ethi, kwa kawaida halina moto. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliopotea. Testa ikawaka humo humo, waa! Devota akazima meni switchi, ile kuu ya nyumba nzima, barazani, akarudi na bisibisi, akafungua. Waya wa ethi haukuwepo kabisa. Mzee alikuwa amekata kipande kifupi, akakiunganisha kutoka kwenye waya wa moto hadi kwenye tundu la ethi. Kila birika lililochomekwa hapo lilijaa umeme bati zima.

Mara mzee Teodori akaingia kuwasalimia, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Jenipher. Nani kafungua soketi yangu?"

"Mimi. Imemrusha mtoto."

"Aah, hiyo ni shoti kidogo tu. Haiui mtu."

"Basi vua viatu, baba, uguse hapa."

Elieza akaguna, "Devota!" Hakujua kwamba meni imezimwa, wala baba yake hakujua. Mzee akanyoosha kidole, akakitazama kile kipande cha waya, kisha akaurudisha mkono wake na kuutia mfukoni.

"Kumbe unajua!" Devota alifoka, machozi ya hasira yakimtoka. "Mwaka mzima unajua, na mjukuu wako anashika hapa!"

Elieza akatoa simu, akampigia fundi umeme wa mtaa wa Nangara mbele ya baba yake.

"Njoo leo," alisema. "Njoo na waya wa nyumba nzima."