Bei ya 404 ya Marehemu Owino

Gari la marehemu Owino, Peugeot 404 ya mwaka wa 1967, lilikuwa limekaa chini ya turubai nyuma ya nyumba yao mtaa wa Shabab kwa miaka kumi na sita. Jumanne moja asubuhi mjane wake, Naliaka, aliniita niseme lina thamani gani. Kipchirchir, mtu wa Eldama Ravine anayefufua magari ya zamani, alikuwa ametaja elfu themanini. Naliaka alikuwa ametaja laki nne. Walipochoka kutazamana walikubaliana kwamba bei atakayoifikia Kihara, yaani mimi, ndiyo hiyo.

Nilimwuliza Naliaka kwa nini mimi, maana Nakuru ina mafundi wengi. Akasema wengine huongea sana. Kisha akanieleza shida yake: laki moja na nusu, kabla ya Jumamosi. Kuna mama Naivasha anauza mashine ya kufuma sweta za shule, na Januari ilikuwa karibu.

"Lakini usinihurumie," akasema. "Ukinipendelea, Kipchirchir atajua. Na mimi nitajua."

Njia yangu ni moja. Naandika bei ya gari kama hilo likiwa linatembea, halafu naondoa gharama ya kila kitu kinachohitajika ili litembee. Linalotembea, la hali ya kawaida, ni laki sita. Kipchirchir mwenyewe alikubali.

Tulipotoa turubai, kuku wawili walishuka kutoka kiti cha nyuma, polepole, kama abiria waliofika. Kipchirchir akauliza kama nao wameandikwa kwenye logbook ya gari. Naliaka akamwambia hao ndio pekee waliolitumia gari hilo bila kulalamika.

Nilitoa plagi, nikamimina oili kidogo kwenye kila silinda, tukanywa chai nusu saa, kisha nikaingiza hendeli mbele na kuzungusha. Injini ilizunguka. Haikuwa imeganda. Tairi, breki, waya, kutu chini ya milango, rangi, kulivuta mpaka Ravine: kila kimoja nilikitaja kwa sauti kabla ya kukiandika, mtu asije akasema hakusikia.

Nikafika mahali pa kabureta. Palikuwa na kitambaa tu, kimefungwa kwa kamba.

"Kabureta haipo," nikasema. "Ya aina hii ni ngumu kupata. Elfu thelathini na tano."

"Andika," akasema Naliaka.

Nikaandika. Nilijumlisha mara mbili, na mara zote mbili ikabaki laki moja na elfu ishirini na tano. Nilimpa daftari bila kumtazama.

Hakulalamika. Aliuliza tu kama kabureta hiyo inaweza kuingia kwenye gari lingine. Nikamweleza, polepole kama kawaida yangu, kwamba inaingia kwenye pikapu ya 504 bila shida, nimewahi hata kuitumia. Hapo kichwa kikanigeuka chenyewe.

Pikapu yangu ya 504 ilikuwa imesimama langoni.

"Endelea, fundi," akasema Naliaka. "Umewahi hata kuitumia wapi?"

Niliikumbuka siku yenyewe. Owino aliifungua kwa mkono wake, akaniambia niende nayo wiki mbili tu, yangu ikitengenezwa. Kisha akaugua, tukamzika, nami nikasahau kabisa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimpigia mjane wake honi ya salamu nikipita, gari likivuta kwa kabureta yake.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Kila Jumapili naisikia ikiingia kanisani. Nilikuwa nangoja wiki ya pili iishe."

Kipchirchir alicheka mpaka akakaa kwenye bampa.

Nilichukua spana nikaenda langoni. Kabureta ilikuwa safi, kwa sababu naiosha kila mwaka. Niliirudisha mahali pake, nikaufuta mstari wa kabureta kwenye daftari. Laki moja na elfu sitini. Kipchirchir alisoma hesabu kutoka juu hadi chini, akakosa pa kushika, akatuma pesa kwa simu. Naliaka akatoa logbook ndani ya Biblia.

Jioni, 404 ilipokwisha kuvutwa, nilibaki langoni na sanduku la spana nikingoja boda boda. Naliaka alitoka, akaizunguka pikapu yangu mara moja, akaigonga tairi kwa ncha ya kiatu kama mnunuzi.

"Kihara, hili lako halitembei," akasema. "Ukitaka nikukadirie bei, niite. Mimi siongei sana."