Delfina Anacheza Nyuma

Rosaura alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mdogo wake Delfina naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Waliishi wawili peke yao hapa mjini Loja, mkabala na karakana yangu ya kuziba matairi, kwa hiyo ugomvi wao niliusikia wote. Daktari alimwambia Delfina afanye mazoezi, na Rosaura akalisimamia neno hilo kama askari jela.

Delfina ni fundi cherehani, mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye haya. Alijaribu kucheza dansi bustanini asubuhi pamoja na wanawake wenzake. Akaacha, alisema yule mwalimu anapiga kelele kwenye kipaza sauti kana kwamba nyumba inaungua. Akajaribu kukimbia kando ya mto, magoti yakavimba. Akaenda jimu kukimbia juu ya mashine, na kesho yake hakurudi.

"Kukimbia bila kwenda popote," alisema, "tena mbele ya kioo, nijitazame ninavyoteseka?"

"Sasa unataka nini?" Rosaura akamuuliza. "Tununue kiti cha pili cha magurudumu, tuwe tunafuatana?"

"Niache nishone, dada."

Nyuma ya karakana tuna uwanja wa mpira wa wavu, ule wetu wa watu watatu kila upande, wavu uko juu sana na mpira ni ule wa miguu. Mmoja anashambulia, mmoja anampandishia mpira, wa tatu anabaki nyuma kuokoa kila kinachopita, na huyo ndiye anayekimbia kuliko wote. Kila Jumapili Delfina alikuwa akimsukuma dada yake hadi pale aangalie mchezo, kisha yeye anakaa kando yake, penye ukuta, na kitambaa chake, anashona pindo.

Jumapili moja tulikuwa tunacheza na watu wa mtaa wa juu, wakiongozwa na Klever, dereva wa lori la mchanga. Mwenzetu wa nyuma akateguka kifundo cha mguu. Tukabaki mimi na Wilmer, mshambuliaji wetu.

"Basi, semeni mmeshindwa twende tukanywe," Klever akasema.

"Wa tatu yupo," Rosaura akajibu, akamnyooshea mdogo wake kidole.

Watu wakacheka. Klever naye: "Huyo? Ataingia kushona wavu?"

Delfina akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakikunja, akainuka. "Segundo," aliniambia, "nisimame wapi?"

Hawakumhurumia. Kila mpira ulikwenda kwake. Wa kwanza ulimgonga kifua, wa pili ukapita katikati ya mikono, mwingine ukampata usoni, mdomo ukapasuka. Nikamwendea.

"Jirani, toka tu. Hakuna atakayekulaumu."

"Usinitoe," akasema, akifuta damu kwa mkono wa blauzi.

Mpira uliofuata ulianguka mbali nyuma yake. Aligeuka akaukimbilia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona Delfina akikimbia. Aliufikia chini kabisa, akaupandisha kwa mikono miwili, ukaja juu yangu, nikampa Wilmer, Wilmer akaupiga chini upande wa pili. Delfina alitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine, kisha akacheka na mdomo wake uliovimba.

Kutoka hapo hakukuwa na mpira aliouachia. Alivua viatu. Alimwita Klever mzee, akamwambia apige kwa nguvu, mbona anabembeleza. Pointi zikalingana, seti inakaribia kwisha, hakuna tena aliyekuwa anacheka.

Ndipo nikaona jasho. Kulikuwa na ubaridi siku ile, na yeye alikuwa analowa kama amemwagiwa maji. Mpira mwepesi ukampita pembeni.

"Uko sawa?"

"Rusha mpira, Segundo." Ulimi wake ulikuwa mzito.

Baadaye alinieleza. Asubuhi alijichoma sindano ya insulini, kisha akanywa kahawa tu, maana alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi. Alipoanza kuona wavu uko mara mbili alijua sukari inashuka. Alijua, akanyamaza. Siku zote alikuwa anatafuta sababu ya kuacha. Siku hiyo alikuwa nayo ya kweli, na hakuitaka.

"Delfina, umekula?" Rosaura akauliza kutoka ukutani.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Delfina akageukia wavu. Klever alikuwa ameshainua mpira aanzishe. Rosaura akashika magurudumu yake, akateremka ukingoni mwa uwanja. Gurudumu la mbele likanasa kwenye ufa, kiti kikainama, nusura aanguke. Akalitoa, akaja hadi katikati yetu.

"Mama, ondoa hicho kiti," Klever akasema.

"Nipige mimi basi."

"Toka, dada," Delfina akasema. "Kila siku unanililia nisiache. Leo sitaki kuacha."

"Leo unaacha."

"Zimebaki pointi chache."

"Delfina, hata hunioni."

Kweli, alikuwa anaongea na mahali patupu kando ya kiti. Kisha akayumba. Wilmer akamdaka.

"Kitu kitamu, Segundo. Kimbia," Rosaura akasema.

Nilikimbilia karakanani, nikaponda sukari guru kwa nyundo, nikaikoroga na maji kwa kidole. Niliporudi alikuwa bado anaweza kumeza, kwa shida. Rosaura alikuwa amejishusha chini sakafuni, amemlaza mdogo wake begani, anamnywesha kidogo kidogo.

"Meza. Meza, mjinga wewe. Meza."

Klever alipiga magoti akawa anampepea kwa kofia, uso umempauka. Sote tulitazama koo la Delfina tu, kama linapanda na kushuka. Mwishowe macho yakatulia, yakampata dada yake.

"Pointi ngapi?" akauliza.

Rosaura akampiga kofi pajani, akalia kwa sauti.

Mtaa wa juu walihesabu wameshinda, hatukubishana. Wale dada wawili hawakusemeshana wiki nzima. Halafu Rosaura akaja karakana, akaniambia nimpange Delfina acheze, ila nisimruhusu kuingia uwanjani kabla yeye hajamwona akila. Delfina akaenda kwa daktari, wakapanga upya dawa na saa za chakula.

Sasa anacheza Jumapili, na Alhamisi pia. Si mchezaji mzuri sana. Anabishania kila mpira unaoanguka karibu na mstari, na Klever bado anampelekea yeye mipira yote migumu. Juzi alijirusha akachubuka kiwiko chote, dada yake akamtukana kutoka ukutani mpaka watu wakageuka. Delfina alikuwa ameshasimama, ameinama kidogo, mikono mbele, anasubiri mpira mwingine.